Paja Nililolitia Chumvi Likiwa Bado na Joto

Wenzangu wa chumba cha chumvi,

Siku mliyoniaga, mlinipa redio, mkampa mke wangu kitenge, kisha mkaniomba niandike niliyojifunza katika kazi yetu ya mapaja ya nguruwe. Vipimo mnavyo. Nilivibandika mwenyewe ukutani, na panya wamekula kona moja tu. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka; hazikuwa nyingi kiasi cha kujaza karatasi. Nitaandika kuhusu zana, makosa na mtu aliyenifundisha, Papa Hangi, ambaye wengi wenu mnalijua jina lake kwa ubaya. Ubaya huo ni wangu. Nauweka hapa mwanzoni ili msije mkasoma mbio mkitafuta vipimo, mkauruka.

Nilifika kwenye ushirika wetu, hapa juu ya Nyamitaba, nikiwa na diplome ya sekondari ndani ya bahasha. Nilitarajia meza na kalamu. Nilikuta nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu: cha kuchinjia, cha chumvi na cha moshi. Mlangoni alisimama mwanaume mfupi mwenye mabega mapana, kofia ya sufu kichwani, akinoa kisu juu ya jiwe. Aliitazama bahasha zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

"Njo weye mwenye diplome?"

"Njo miye, Papa."

"Diplome yako inajua kushika nguruwe mukia?"

"Hawakutufundisha, Papa."

"Basi anza na kufagia. Ufagio haiombake masomo."

Nilifagia wiki mbili. Tangu siku hiyo hakuniita Sebastiani tena. Aliniita Diplome, na akitaka kunipenda kidogo aliniita Diplo.

Papa Hangi hakusoma. Siku za chumvi alizihesabu kwa mafundo: kila paja lilikuwa na kamba yake ya mgomba, na kila asubuhi alifunga fundo moja. Paja la kilo nane lilikaa ndani ya chumvi mafundo ishirini na manne, la kilo kumi mafundo thelathini. Alichanganya chumvi nzito na sukari kidogo ya miwa, akasugua upande wa nyama, halafu ngozi, halafu akarudi mahali mfupa unapotokeza akasugua tena kama mtu anayeosha mtoto nyuma ya masikio. Kwa moshi alichoma vigunzi vya mahindi na miti mizee ya kahawa. Mkaratusi ulipigwa marufuku mlangoni. Paja la moshi wa mkaratusi, alisema, linafaa kwa mgonjwa wa kikohozi peke yake.

Kilichonishinda kuelewa ni kungoja kwake. Nguruwe wetu wengi walikuja kwa miguu, wamefungwa kamba mguuni, wengine siku mbili juu ya vilima. Mnyama aliyefika leo hakuchinjwa leo. Alipewa maji na nyasi za kulalia, akaachwa hadi kesho. Baada ya kuchinja, Papa Hangi aliminya mshipa mkubwa kwa kidole gumba, toka kifundo hadi juu, mpaka damu iliyobaki ikatoka yote. Kisha alitundika paja kwenye dirisha linalopokea upepo wa mlima, na hakuna mkono uliogusa chumvi kabla ya asubuhi ya pili.

"Weka mukono hapa," aliniambia siku moja. "Unasikia nini?"

"Baridi, Papa."

"Hiyo ni ya inje. Ndani je?"

Aliingiza kidole changu kando ya mfupa. Mle ndani kulikuwa na uvuguvugu kama wa maji ya kuogea.

"Nyama ni kama muntu mwenye hasira. Uso inapoa kwanza, roho inapoa nyuma. Ukimupa chumvi mbele roho ipoe, anaficha hasira ndani. Utamuona amecheka, kumbe anaoza."

Nilicheka. Alinitazama mpaka nikaacha.

Zana aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa sindano ya mfupa. Alikuwa ameichonga kutoka mguu wa ng'ombe, nyembamba, ndefu kama kidole cha kati, laini kwa miaka ya kutumiwa. Paja likitoka kwenye moshi, aliidunga penye kiungo, akaichomoa, akaipeleka puani. Mfupa hushika harufu upesi na kuiachia upesi. Ndiyo sababu hatutumii chuma. Harufu ikiwa tamu kidogo, kama karanga, alichukua kisu akachora alama yake kwenye ngozi, mistari miwili inayokutana. Harufu ikiwa chachu, paja lilifukiwa shimoni, hata kama lilikuwa zuri kama picha. "Mufupa haisemake uongo," alisema. Akina mama kule sokoni walitafuta ile mistari miwili kabla ya kuuliza bei.

Mwaka wangu wa pili, kaka yake alikufa huko Walikale. Papa Hangi aliondoka kwenda kwenye matanga, akaniachia nyumba kwa siku nne. Siku hiyohiyo mchana waliingia wafugaji wawili na nguruwe mmoja mnene aliyehema kwa mdomo. Walikuwa wametembea tangu juzi. Jua lilikuwa kali. Mama Klotilde, msimamizi wetu, alikuwa amepokea oda ya Mama Vumilia wa Kirotshe, aliyetaka paja kubwa kwa arusi ya binti yake. Tarehe ilijulikana. Nilichukua daftari, maana mimi sikufunga mafundo, niliandika tarehe, nikapiga hesabu: kilo kumi na moja, siku thelathini na tatu za chumvi, siku za kukausha, siku za moshi. Nikimngoja nguruwe apumzike hadi kesho, na paja lipoe hadi kesho kutwa, siku mbili zingekosekana.

Hakuna aliyenisukuma. Mama Klotilde hata hakuwapo. Nilichinja mchana ule. Jioni nyama ilikuwa baridi juu, nami nilijua ndani haikuwa baridi, kwa sababu niliingiza kidole. Nikajiambia kwamba hayo ya roho na hasira ni hadithi za wazee, na kwamba chumvi ni chumvi. Nikasugua. Niliisugua vizuri sana. Mtu anayejua kwamba amekosea mwanzoni huwa mwangalifu ajabu katika yanayofuata.

Papa Hangi aliporudi, alikuta paja limelala ndani ya sanduku la chumvi. Hakuuliza saa ya kuchinja; hakudhani kuna mtu angeweza kufanya vile. Wakati wake ulipofika, paja lilitoka kwenye moshi likiwa la rangi ya asali. Asubuhi ya kulipeleka, alikuwa ameshika mguu wa nguruwe mwingine, mikono yake imejaa damu. Akaniuliza bila kugeuka:

"Diplo, ile ya Mama Vumilia ulidunga sindano?"

"Nilidunga, Papa."

"Mufupa ilisema nini?"

"Ilisema vizuri."

Sindano ilikuwa mfukoni mwangu, kavu. Niliogopa kuidunga, basi sikuidunga. Papa Hangi alinawa mikono, akachukua kisu, akachora mistari yake miwili.

Kule Kirotshe lilichemshwa zima ndani ya sufuria kubwa, likakatwa mbele ya wageni. Nyama ya nje ilikuwa nzuri, nao walianza na hiyo. Kisu kilipofika kwenye mfupa, harufu ilitoka, lakini watu walikuwa wanaimba, na mpishi alidhani ni ya sufuria. Usiku huo na kesho yake watu zaidi ya ishirini walitapika na kuhara, pamoja na bibi arusi. Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolala, na wala sijivunii. Lakini wageni wa upande wa bwana arusi waliondoka wakisema wamewekewa sumu, na Mama Vumilia alibaki na aibu ambayo huwezi kuiosha pamoja na masufuria.

Alikuja Nyamitaba mwenyewe, amebeba kipande cha ngozi ndani ya kitambaa. Mama Klotilde alituita sote wawili. Ngozi iliwekwa juu ya meza, mistari miwili ikionekana wazi.

"Hii ni mukono ya nani?" Mama Klotilde aliuliza.

"Ni mukono yangu," Papa Hangi alisema.

"Na kazi?"

Alinitazama, mara moja tu, si kwa ukali. Nilitazama sakafu niliyokuwa nimeifagia wiki mbili.

"Alama ni yangu," alisema. "Kazi pia inakuwa yangu."

Aliondolewa. Alikaa siku tatu akifunga vitu vyake, visu vitatu, kofia mbili, blanketi, vitu vya kufungwa kwa nusu saa. Halafu akashuka njia ya Walikale na mke wake. Wiki iliyofuata nilipewa chumba cha chumvi. Nilisema nitaruka habari za vyeo. Hiki sikuweza kukiruka.

Baada ya hapo sikuharibu paja tena. Hiyo si sifa. Nilingoja kama yeye alivyongoja, niliminya mishipa, nilidunga sindano, maana aliiacha juu ya dirisha. Daftari nilibaki nalo, lakini nilianza pia kufunga mafundo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Katika miaka iliyofuata nilitembea sana, na hapa nitawapa kile mlichoniomba, kwa sababu paja zuri linaweza kuharibiwa nyumbani na mtu asiyejua. Tulikimbia vita mara mbili na kurudi, na mara moja homa ya nguruwe ilimaliza mabanda yote ya kilima. Kila tuliporudi, ilibidi kuwafundisha wanunuzi upya.

Mwambieni mnunuzi abonyeze nyama kwa kidole gumba: irudi polepole, isibaki shimo. Asidanganywe na rangi. Anuse penye mfupa, na muuzaji akikataa kunuswa, aende kwa mwingine. Akifika nyumbani asiliweke ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wa mwalimu mmoja alilifunga vizuri katika mifuko mitatu, akaja kulia kwamba limeota ndevu. Nyama inahema, inataka kitambaa cha pamba na kutundikwa mahali pa upepo, mbali na jua, au juu ya jiko la kuni ambapo moshi unapita bila moto. Ukungu mweupe kidogo si msiba. Anaufuta kwa kitambaa chenye siki. Ukungu mweusi unaoingia ndani, au utelezi, hapo asibishane.

Kabla ya kupika, alilaze ndani ya maji baridi usiku mzima na kubadilisha maji mara mbili. Mama mmoja wa Sake alikata vipande akavikaanga hivyohivyo, kisha akanisimamisha sokoni mbele ya watu:

"Papa Seba, ile haikukuwa nyama. Uliniuzishia mufuko ya chumvi yenye mufupa."

"Mama, uliloweka?"

"Niloweke nyama, miye nafua nguo?"

Watu walicheka, nami nilimpa kipande kingine na kwenda kwake kumwonyesha. Maji yasichemke kwa fujo. Yatetemeke tu, na vitunguu ndani, karibu saa moja kwa kila kilo mbili. Ukizima moto, liache lipoe ndani ya maji yake. Vipande vyembamba kwa viazi, vinene kwa bugali na mboga ya lengalenga. Mfupa usitupwe kamwe. Unaingia kwenye sufuria ya maharage asubuhi, na watoto wa jirani watajua saa ya chakula kuliko wenu.

Kila Noeli nilimpelekea Mama Vumilia paja zuri kuliko yote, bila malipo. Nilisema ni zawadi ya ushirika. Alinishukuru, akanikaribisha chai, akamlaani Papa Hangi, nami nikanywa chai. Kule Kirotshe jina lake lilikuwa limegeuka msemo. Gari lililopakwa rangi huku injini imekufa, bwana arusi mwenye suti na deni, papai lililooza ndani: yote yaliitwa "paja ya Hangi." Niliusikia sokoni miaka yote. Mara nyingine nilicheka na wengine, kwa kuwa asiyecheka anaulizwa.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilipanda pikipiki kwenda Pinga. Nilikuwa nimesikia kwamba Papa Hangi yuko huko. Barabara hiyo ilinipa muda wa kutosha wa kugeuza nia, na maumivu ya kiuno ya kunishawishi. Nilimkuta kwenye ua, anamenya mihogo pamoja na mke wake, Mama Neema. Mabega yalikuwa yameshuka. Kofia ya sufu ilikuwa nyingine lakini ya aina ileile.

"Diplo," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Njo vile, Papa."

"Kaa. Shika kisu."

Nilimenya. Baada ya mihogo minne nilisema yote: nguruwe aliyehema, mchana wa jua, kidole changu kando ya mfupa. Aliendelea kumenya.

"Hiyo nilijua," alisema. "Siku ile nilifukuzwa nilikutana na wafugaji njiani, wakaniambia ulichinja mchana ule ule walifika. Siku tatu nilifunga blanketi moja, nikifikiri, atakuya kusema. Hukukuya."

"Sikukuya, Papa. Nilikuwa muoga, halafu nikakuwa mukubwa wa chumba, halafu nikakuwa muoga zaidi."

"Sawa. Umesema."

Alitaka kuishia hapo, na mimi nilitaka sana kuishia hapo. Lakini niliuliza kwa nini hakufungua nyumba ya moshi Pinga, yeye mwenye mkono ule.

Aliweka kisu chini. "Juu ya ile sindano. Chumvi ya moto, hiyo kosa ninaijua. Lakini ulidunga, na mufupa ikasema vizuri, na nyama ilikuwa imeoza. Alors, tuseme nini? Nilifundisha watu kama mufupa haisemake uongo. Baba yangu alinifundisha vile. Nikawaza, ni mara ngapi imenidanganya na sikujua? Ni watu wangapi niliwalisha? Sikuweza tena kutia alama. Mukono ilikataa."

Miaka yote nilidhani nimemchukulia kazi. Sikujua nimemchukulia na hili.

"Papa," nilisema, "sikudunga."

"Unasema nini?"

"Ile sindano ilikuwa mufukoni. Nilikudanganya. Sikudunga hata kidogo."

Kuku alikuja kula maganda, hakuna aliyemfukuza. Nilingoja kofi, na ningelipokea. Mwishowe alimgeukia mke wake na kusema kwa sauti ya chini:

"Mama Neema. Hakudunga."

"Nimesikia," alisema Mama Neema. Alikuwa analia, na hakunitazama tena hadi nilipoondoka.

Papa Hangi hakusema amenisamehe. Nilipoinuka kuaga, alisema hivi: "Mujukuu wangu anasoma uuguzi Kirotshe. Wenzake walimuambia kazi yake ni paja ya Hangi. Yeye ananiitaka Babu tu, alinipigia simu kuniuliza huyo Hangi ni nani. Miye ningemujibu mutoto nini? Kwenda huko, Diplo. Hapa tuko watatu, na wote tunajua."

Basi nilikwenda Kirotshe. Mama Vumilia amekuwa bibi mnene anayetembea kwa fimbo, lakini ulimi wake haujapata uzee. Alinikaribisha kama kawaida, akaita chai. Nilimwomba asubiri na chai. Nikasema. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na mapaja ya Noeli?" aliuliza.

"Yalikuwa yangu, Mama. Si ya ushirika."

"Nilikula mapaja yako miaka yote nikikushukuru." Kisha aliita kwa dirisha: jirani wa kushoto, jirani wa kulia, binti yake, yule bibi arusi, ambaye sasa naye ana wajukuu. Walipojaa sebuleni aliniambia, "Sema tena. Na nguvu, miye masikio ni ya zamani."

Nilisema tena, nimesimama. Binti yake alifika akiwa amechelewa, ikabidi niseme mara ya tatu. Mara ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu maneno yamekuwa mepesi nawe unayaonea haya kwa wepesi wake.

"Uko na namba yake?" Mama Vumilia aliuliza.

Nilipiga, nikampa simu yangu. Nilisikia sauti ya Papa Hangi ikiuliza ni nani.

"Papa Hangi? Ni Vumilia wa Kirotshe. Yule wa arusi." Aliegemeza fimbo ukutani. "Sijui nianzie wapi. Nianze na jina yako niliyoharibu, ao nianze na salamu?" Upande wa pili kuna kitu kilisemwa, naye akacheka mara moja, kicheko kifupi cha mtu asiyetarajia. Akatoka nje na simu, akakaa kwenye ngazi akitugeuzia mgongo.

Hakuna aliyeniambia nikae. Niliwasikia wakizungumza habari za watoto, za waliokufa, za mihogo, na mara moja nilisikia neno sindano. Majirani walinitazama, mimi nilitazama mlango. Halafu Mama Vumilia aliinuka polepole, akarudi ndani, akaniwekea simu mkononi.

"Unite za simu zimeisha," alisema. "Kwenda ununue zingine. Nyingi."

Nilikwenda kununua.